Sista Anajibu: Alhamisi Usiku Ni Ipi?

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari minne tu darasa letu la wagonjwa wanaoanza dawa za muda mrefu za baridi yabisi, ambao tunawafundisha kwa kundi badala ya mmoja mmoja. Nilidhani nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Wengine mmeandika kuuliza, wengine kulalamika, na mzee mmoja wa Pangani ameandika kunikumbusha kwamba ile hoja ya Alhamisi, siku yetu ya kumeza dawa, ilikuwa yake na sikumtaja. Mzee wangu, leo nakutaja, ila jina naliacha kama ulivyotaka.

Kabla sijafungua barua, tuelewane kwanza. Ninaposema baridi yabisi nina maana ya ugonjwa ule ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kushambulia utando wa ndani wa viungo, hasa vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja. Si jongo, ambalo hutokana na asidi ya yuriki kuganda ndani ya kiungo mithili ya chembe za sukari. Wala si magoti yaliyolika kwa umri. Hayo yana dawa zake na siku yake.

Shikamoo sista. Nina miaka 44, nakaa Muheza. Vidole vyangu vinavimba mikono yote miwili, asubuhi siwezi hata kukaza kanga mpaka jua limepanda. Daktari kasema ni baridi yabisi na nitaanza methotrexate, huenda kwa miaka. Lakini siku ile hakunipa dawa, kanitaka nirudi Alhamisi nifundishwe pamoja na wenzangu. Nilirudi, nikakuta watu wanane, mmoja ni jirani wa dada yangu. Nikageuza. Mbona mwenye pesa anaingia kwa daktari peke yake, sisi tunapangwa kwenye benchi kama watoto wa shule? – Aliyegeuza, Muheza

Marahaba dada. Pole kwa vidole, na pole kwa nauli iliyokwenda bure.

Hilo swali lako la mwisho niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma, kikao kilipoletewa wazo la kufundisha kwa makundi, nilinyoosha mkono nikapinga. Nilisema tunataka kupunguza foleni kwa mgongo wa mgonjwa. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba foleni haikuwamo akilini mwa mtu. Lakini sasa mimi ndiye ninayelisimamia darasa hilo, na kilichonigeuza ni bahasha.

Unazijua zile bahasha ndogo za dawa. Juu yake tunaandika 1x3, 2x2, 1x1. Hata asiyejua kusoma vizuri anaielewa lugha hiyo: namba ya kwanza ni vidonge vingapi, ya pili ni mara ngapi kwa kutwa. Kwa Panadol haina neno. Kwa methotrexate ni mtego, maana dawa hii humezwa mara moja kwa wiki, na lugha ya bahasha haina wiki.

Mwalimu mmoja mstaafu alianzishiwa miligramu 10 kwa wiki, yaani vidonge vinne vya miligramu 2.5. Alipewa vidonge 16, vya majuma manne. Bahasha ikaandikwa 4x1. Aliyemkabidhi ni mimi, ndani ya chumba, tukiwa wawili, mlango umefungwa, na heshima zote. Nikamwambia, "Mwalimu, vinne mara moja, unaanza Jumatano." Akaitikia. Mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote haombi kurudiwa maelezo.

Akameza vinne Jumatano, vinne Alhamisi, vinne Ijumaa, vinne Jumamosi. Vilipokwisha akafanya anavyofanya mgonjwa mtiifu: akachukua bahasha yake tupu, akaenda nayo duka la dawa mjini, akauziwa vingine. Siku ya tisa mkewe alimleta kwenye bajaji. Mdomo mzima vidonda, uji haupiti, chembechembe nyeupe za damu zimeshuka vibaya. Alilazwa majuma mawili. Alipona, akaendelea kuniita mwanangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hospitali ile siitaji, wala duka lile. Kosa langu nalitaja.

Sasa njoo benchini. Natandika karatasi ya manila yenye kalenda ya mwezi, kila mtu nampa gao la maharage. Namwambia, "Haya, maharage ndiyo vidonge. Nipangie dozi zako za mwezi." Siwaulizi kama wameelewa, kwa sababu huku kwetu ukimuuliza mtu "umeelewa?" anajibu "ndiyo" kwa adabu tu. Siku moja mama mmoja alipanga maharage manne tarehe moja, manne tarehe mbili, manne tarehe tatu. Jirani yake, ambaye hata hawajuani, akamdaka mkono: "We mama, utajiua!" Benchi zima likacheka, na yeye akacheka, akayazoa. Kosa ni lilelile la mwalimu wangu, ila hili liliishia kwenye maharage.

Na hapo ndipo anapoingia mzee wa Pangani. Uingereza manesi wana ujanja wao: kwa Kiingereza Jumatatu inaanza na herufi M kama methotrexate, na Ijumaa inaanza na F kama foliki, dawa inayoandamana nayo. Sisi siku zetu nyingi ni Juma tupu. J'tatu, J'nne, J'tano. Kwa mwandiko tulionao hospitalini zote ni mdudu mmoja. Basi nikachagua Alhamisi kwa methotrexate, siku isiyofanana na nyingine yoyote, na Jumapili kwa foliki. Nikajiona mjanja. Nikatangaza: "Methotrexate yenu ni Alhamisi usiku." Mzee akanyoosha bakora yake: "Sista, Alhamisi usiku ni ipi?"

Watu wa bara mtashangaa, lakini pwani wanajua. Kwa hesabu ya wazee siku inaanza jua linapozama. Usiku wa Alhamisi ni ule wa kuamkia Alhamisi, ambao wajukuu wanauita Jumatano usiku. Mzee akaeleza taratibu: "Nitameza kwa hesabu yangu. Kesho yake binti yangu atarudi kazini, ataniambia baba leo Alhamisi, atanipa kwa hesabu yake. Nitakuwa nimemeza dozi mbili." Nilikuwa nimefundisha kwa miezi kadhaa bila kuliona hilo shimo. Chumbani, tukiwa wawili, mzee yule angesema "ahsante mwanangu" akaondoka nalo. Alisema kwa sababu aliona wazee wenzake wawili wanatikisa vichwa. Tangu siku ile ni Alhamisi mchana, baada ya chakula, jua likiwa juu. Ramadhani inahamia kwenye futari ya funga ya Alhamisi, na kila mfungaji anaitamka kwa mdomo wake mwenyewe.

Wala usidhani haya yamezuliwa na hospitali zisizo na madaktari. Nesi wa Kimarekani, Kate Lorig, alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Stanford kuwafundisha wagonjwa wa viungo kwa makundi, na waliofundisha wengi hawakuwa matabibu bali watu wenye maradhi hayohayo, waliopewa mafunzo. Na wewe mwenyewe, kama umezaa, ulishafundishwa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito. Hukuona aibu, kwa sababu tumbo halina siri.

Ninavyohisi, kinachokutisha ni watu kudhani benchi lile ni la ugonjwa mwingine. Huo woga naujua, siudharau. Ndiyo maana kwetu hatuiti majina kwa sauti, hatusomi majibu ya vipimo mbele ya watu, na hatumuulizi mtu ugonjwa wake mwingine. Darasa likiisha kila mmoja anapata dakika zake na mimi, mlango umefungwa. Jirani wa dada yako naye alikwenda pale na vidole vyake, na yeye amekuona. Mko sawa.

Na huyo mwenye pesa anayeingia peke yake: mwalimu wangu pia aliingia peke yake.

Rudi Alhamisi ijayo. Nenda na mtu mmoja unayelala naye nyumba moja, anayeweza kukukatalia kidonge cha pili.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro, miaka 38. Nimesoma kwenye simu kwamba methotrexate ni dawa ya saratani. Tena wamenichanganyia na vidonge wanavyopewa wajawazito. Wananificha nini? – Fundi

Hawakufichi kitu, fundi. Ulichosoma ni kweli, ila ni nusu.

Mwaka 1948 daktari wa hospitali ya watoto ya Boston, Sidney Farber, alitangaza kwamba dawa iitwayo aminopterini, dada mkubwa wa methotrexate, ilikuwa imewapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Dawa hizi huzuia matumizi ya folati, chakula ambacho chembe zinazozaliana haraka zinakihitaji. Miaka michache baadaye, 1951, ikaonekana kwamba aminopterini inatuliza pia viungo vilivyovimba. Methotrexate yenyewe ilichelewa kukubaliwa. Marekani waliiidhinisha kwa baridi yabisi mwaka 1988. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa saratani mahali pake na kwa viungo mahali pake.

Tofauti iko kwenye kipimo. Mgonjwa wa saratani anaweza kupewa mamia ya miligramu, hata maelfu, akiwa amelazwa na anaangaliwa. Wewe utapewa kati ya 7.5 na 25 kwa wiki nzima. Chumvi ya kukaushia papa na chumvi ya mchuzi zinatoka gunia moja.

Vile "vya wajawazito" ni foliki. Kwa kuwa methotrexate inakunyima folati, tunakurudishia kidogo siku nyingine ili vidonda vya mdomo, kichefuchefu na ini lako visilete matata. Wanaume wengi darasani wanaviacha vidonge hivi wakiona haya. Mmoja alikuwa anampa mkewe. Vimeze, fundi. Havikufanyi mjamzito.

Nesi, habari yako. Mamangu ana miaka 63, twakaa Mombasa. Ameanza methotrexate wiki ya tatu sasa na haoni nafuu hata kidogo. Jirani kamletea unga wa mifupa, wafungwa kwa vipakiti vya karatasi, na usiku mmoja tu maumivu yakaisha! Sasa ataka kuacha ya hospitali. Nimwambie nini? – Binti wa Mombasa

Salama, binti. Mwambie mama kwamba wiki tatu ni mapema mno. Methotrexate huchukua wiki 6 mpaka 12 kuonyesha kazi yake, na wakati mwingine dozi hupandishwa kwanza. Hakuna jambo tunalolirudia darasani kama hili, na hakuna linalosahauliwa haraka zaidi. Ndiyo maana kila kundi jipya naliletea mgonjwa wa zamani. Mmoja wao, muuza maandazi, ana hesabu yake: "Wiki ya nne bado nakuniwa nazi na mjukuu. Wiki ya tisa nikakuna nusu. Mwezi wa nne nikamfukuza mjukuu kwenye mbuzi." Daktari ana vipimo vyake vya kuhesabu viungo vilivyovimba. Sisi wa pwani kipimo chetu ni mbuzi ya nazi, nami nakiamini.

Sasa huo unga. Siujui una nini, na jirani naye haujui, hilo ndilo tatizo lake la kwanza. Lakini dawa isiyo na jina inayotuliza viungo vya baridi yabisi kwa usiku mmoja inanipa shaka moja kubwa: imechanganywa na steroidi, kama predinisoloni au deksamethasoni. Hizo zinatuliza kweli. Zikimezwa ovyo kwa muda zinajaza uso ukawa duara, zinapandisha sukari na presha, zinalainisha mifupa mpaka mtu anavunjika nyonga kwa kujikwaa kwenye mkeka. Tena mwili ukishazizoea unaacha kutengeneza za kwake, na ukizikata ghafla mtu anaweza kuanguka vibaya.

Kwa hiyo usiutupe ule unga kwa hasira. Kama mama ameutumia siku moja mbili, aache. Kama ni wiki kadhaa, asikate mwenyewe. Mpeleke kliniki upesi na vipakiti vyenyewe mkononi, awaeleze bila kuficha. Na muulizeni daktari jambo moja: je, anaweza kumwandikia predinisoloni kidogo ya kuvukia, yenye kipimo kinachojulikana na tarehe ya kuisha, mpaka methotrexate ishike? Mara nyingi hilo linawezekana, na mama hatahitaji tena unga wa jirani.

Sista, nina duka la dawa muhimu, Kahama. Mteja ana kikohozi na homa, kaomba Septrin. Kanionyesha kadi yake, anatumia methotrexate. Nilimuuzia Amoxicillin badala yake kwa sababu Septrin iliisha. Nilifanya vizuri au vibaya? – Muuza dawa

Septrin kuisha dukani kwako kumemwokoa mtu. Sikutanii.

Septrin nayo inakamata njia ileile ya folati ambayo methotrexate inaibana. Zikikutana, uboho unaweza kuacha kutengeneza damu, na watu wamekufa kwa hilo, wengine kwa dozi za siku chache tu. Kwa sababu hiyohiyo SP ya malaria nayo isimkaribie mtu huyu. Darasani nina boksi lenye pakiti tupu za dawa. Nalipitisha, na Septrin naishika juu peke yake mpaka kila mtu aitaje. Hata asiyekumbuka neno methotrexate anaondoka akijua kwamba Septrin si yake. Aliye na sababu ya kumeza Septrin kila siku hamwambii mtu pale, anakuja kuniambia mlango ukifungwa, na daktari anapanga upya. Hili nalisema kila darasa, kwa sauti ileile, bila kumtazama mtu.

Lakini Amoxicillin nayo si ya kumpa hivihivi. Inaweza kuchelewesha methotrexate kutoka mwilini, na zaidi ya hapo, mtu wa dawa hii akipata homa na kikohozi hatakiwi kuishia dukani. Kinga yake imepunguzwa makali. Apimwe malaria, asikilizwe kifua, asimeze dozi ya wiki hiyo mpaka azungumze na kliniki yake. Diklofenaki unazowauzia wazee wa mgongo nazo zina maneno na figo, hivyo kwake ni kwa ruhusa ya daktari anayeona majibu ya damu.

Nakuomba jambo moja wewe na wenzako. Likikufikia swali la methotrexate, usiandike 4x1. Andika kwa maneno: vidonge vinne, Alhamisi tu, mara moja kwa wiki. Soma pia miligramu zilizo kwenye pakiti. Kuna kidonge cha 2.5 na kuna cha 10, na vinaweza kufanana rangi. Vinne vya 10 ni miligramu 40.

Nalima Handeni. Kliniki wanataka nipimwe damu kila wiki mbili. Nauli kwenda na kurudi inakula kuku mmoja. Vidole vimeshapoa, nipime nini tena? – Mkulima

Tunapima ini, figo na uboho, vitu vitatu ambavyo vikiumia mwanzoni haviumi. Vidole vinaweza kuwa vizuri huku ini linalalamika kimyakimya. Utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi ni kila wiki mbili mpaka dozi itulie kwa wiki sita, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila wiki 12. Kwa hiyo kuku wengi ni wa mwanzo, baadaye wanapungua.

Sitakudanganya kwamba nauli si kitu. Kwetu watu wa barabara moja waliofahamiana darasani wamepanga siku moja ya kipimo, wanachangia usafiri, na anayekwenda kwa shughuli nyingine anachukua majibu ya wenzake waliomruhusu kwa maandishi. Hilo hatukulipanga sisi, walilipanga wenyewe chini ya mwembe wakisubiri darasa lianze. Uliza pia kama kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kutoa damu na kuituma.

Na ile ya jioni ukitoka shambani, unajua ninasema nini. Ini lako haliwezi kuhudumia methotrexate na mnazi wa kila siku. Kidogo, siku mojamoja, mwambie daktari ukweli. Anayeficha pombe anatuharibia hesabu ya ini lake mwenyewe.

Sista, nimeolewa miezi minne iliyopita, niko Unguja, miaka 26. Darasani ulikuwa na wanaume, nikashindwa kuuliza. Tunataka mtoto. – Bi harusi

Mwanangu, ulifanya vizuri kuandika. Kama hujaanza methotrexate, usianze. Kama umeanza, zuia mimba kwa njia ya kuaminika na uende kliniki wiki hii, na kama siku zako zimechelewa nenda kesho, usimeze dozi nyingine. Dawa hii inaharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto. Huachwa kwanza, unasubiri muda atakaoutaja daktari wako, ndipo mnatafuta mtoto.

Hiyo haina maana ukae na maumivu. Haidroksiklorokwini na salfasalazini hutumika hata kwa mjamzito. Ya kwanza ni ndugu wa ile klorokwini iliyowawasha mama zetu mwili mzima. Kwa miaka mingi ya matumizi itahitaji macho yako yapimwe. Ya pili itakupaka mkojo rangi ya chungwa, usishtuke. Foliki utaendelea nayo.

Kuhusu wanaume darasani, barua yako imenifanya nibadili kitu. Kuanzia sasa wanawake walio katika umri wa kuzaa nazungumza nao kwanza, kabla ya darasa. Dakika za baadaye hazitoshi kwa mtu ambaye ameshajifunza kunyamaza kwa saa nzima.

Mimi ni nesi mwenzako, Kilifi. Twataka kuanza darasa kama lenu. Utupe siri zake. – Mwenzako

Mwenzangu, siri ni chache, makosa ndiyo mengi. Chukua watu sita mpaka kumi. Wakizidi hapo wanyamavu wanajificha. Weka saa moja kwenye ratiba na saa moja na nusu kwenye moyo wako. Viti vizunguke; sisi tulikuwa na benchi refu, watu wakazungumza na ukuta, mpaka fundi wa hospitali akalikata vipande viwili, akapangusa misumari yake na kusema tungemwambia mapema.

Usianze na somo la kinga ya mwili. Mimi nilikuwa nachora kiungo ubaoni kwa dakika ishirini, kwa rangi tatu, nikijipongeza, na wazee walilala. Sasa naanza na swali: "Umesikia nini kuhusu dawa hii huko mtaani?" Yanamwagika yote, ya saratani, ya ugumba, ya kunyonyoka nywele. Jibu hayo kwanza, maana mtu mwenye hofu tumboni hasikii miligramu.

Mgonjwa wa zamani mchague kwa makini. Kabla ya muuza maandazi nilimleta bwana mmoja msemaji hodari, akasimulia kichefuchefu chake kwa nusu saa, na kituo kwa kituo cha safari ya kwenda kutapika. Wawili waliaga kwenda msalani, hawakurudi.

Asiyesikia vizuri, aliyekata tamaa mpaka hatazami watu, na asiyejua lugha mnayotumia, hao wafundishe peke yao. Halafu wiki ya pili wapigie wote simu, na usiulize hali. Uliza: "Mara ya mwisho umemeza lini, na vingapi?"

Niko Leicester, Uingereza. Nimepata barua ya kuitwa kwenye kikundi cha wanaoanza dawa ya viungo. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Niende na mwanangu wa miaka 12 anitafsirie? – Msomaji wa mbali

Mwache mtoto aende shule. Neno moja akilikosea, wiki inaweza kuwa siku. Piga namba iliyo kwenye barua, waambie unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Huduma ya afya ya huko inatakiwa kukupatia bila malipo. Kama kikundi hakiwezi kusubiri tafsiri, omba miadi ya peke yako na nesi wa kitengo hicho. Ukifika, mwombe akuandikie siku ya kumeza na idadi ya vidonge, kisha umrudishie kwa maneno yako mbele ya mkalimani. Na kwa kuwa huenda siku yako itakuwa Jumatatu, mpigie simu mzee wako Unguja au Lamu na umwambie ni mchana wa Jumatatu, asije akakukumbusha Jumapili usiku.

Waliouliza kuhusu jongo na nyama choma, zamu yenu ni mwezi ujao.